Majina Matano

Chumba cha nyuma,
Bertrams, Johannesburg.
Jumapili, 4 Juni 2017.

Mpendwa Yaya Thérèse,

Nakusalimu, dada yangu mkubwa, nikiwa nimekaa mbele ya cherehani iliyofunikwa, maana leo mkono hautaki kazi nyingine ila hii ya kukuandikia. Nakuona umekaa kwenye kile kiti chako cha plastiki mlangoni, miwani imeshuka puani, na uso umeshaukunja kwa kuona mwandiko wangu. Kunja tu. Ila usiichane barua kabla ya kufika mwisho. Nakuomba hilo moja sasa, na huko mwishoni nitaomba la pili.

Mguu unaendeleaje? Pacifique aliniambia mwezi wa nne kwamba bado unavimba ukisimama sana sokoni. Uweke juu ya mto ukilala, na usiniambie huna mto wa ziada, nilikushonea miwili. Maji ya Katuba yanatoka siku hizi, au bado mnaamkia ndoo? Na Gaëlle wako amemaliza mitihani? Alipokuwa mdogo alikuwa akinificha sindano, kisha ananisaidia kuzitafuta na kudai zawadi. Nasikia sasa amekupita urefu.

Mimi mwili ni mzima, Mungu ashukuriwe. Baridi tu ndiyo inanisumbua. Imeingia ghafla mwishoni mwa mwezi wa tano, na chumba changu kina bati bila dari. Asubuhi vidole vinakataa kushika uzi mpaka nivipashe moto juu ya pasi. Nashona sare za shule na kupunguza suruali za walinzi, kazi ipo. Jirani yangu bado ni yule Mwadini wa Zanzibar, mlinzi wa lile jengo la ofisi kule Braamfontein. Anakusalimu bila kukujua.

Imetimia miezi mitatu na nusu hatujasemezana. Nimekupigia, hukushika. Nimekutumia ujumbe, nikaona alama kwamba umeusoma, ukanyamaza. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Nitampa dereva wa basi la Lubumbashi, kwa hiyo ikikufikia inanuka dizeli usishangae.

Pacifique hana siri, unamjua kaka yetu. Alinieleza kwamba siku ya kumzika Mama uliposimama kusoma maisha yake mbele ya watu, ulisema Mama Marcelline ameacha watoto watano. Ukawataja: Thérèse, Jacques, Angélique, Pacifique, Arlène. Kisha ukakunja karatasi ukaketi. Tuko sita, Yaya. Pacifique alidhani umesahau kwa machozi, lakini mimi nakujua, wewe husahau hata sufuria uliyomwazima mtu kabla ya vita.

Sikuandikii kukugombeza. Hasira yako nimeibeba tangu siku ile na sijaona mahali pa kuitua. Nataka tu ujue huyu uliyemwacha nje ya karatasi anaishije, halafu uamue mwenyewe.

Unakumbuka Ijumaa jioni nyumbani Kamalondo? Baba alikuwa anafuta cherehani yake kwa kitambaa, anaifunika, na mpaka Jumamosi jua lizame hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hata mteja alie na arusi yake kesho, hapati. Mama alikuwa anamcheka kwamba anatafuta kisingizio cha kupumzika. Tulipomuuliza sababu alisema tu kwamba baba yake alifanya hivyo. Baba yake, yaani Babu yetu yule mzungu wa kisiwa cha Rodo huko Ugiriki, muuza vitambaa, aliyemzaa Baba kwa Bibi na asimwoe, kisha akaondoka nchini bila kuaga. Alimwachia mwanawe pua yake na ile desturi moja.

Basi nilipofika huku, mwaka wa tatu, mzee mmoja aliniletea vazi la mahameli nilirekebishe, limechanika pindoni. Vazi dogo, sikuelewa ni la mtoto gani. Akaniambia si la mtoto, ni la gombo la Torati. Akasema likiwezekana liwe tayari kabla ya Ijumaa jioni, maana Jumamosi hawagusi kazi. Nilikaa na lile vazi mapajani muda mrefu bila kutia sindano. Nilimwona Baba na kitambaa chake.

Mzee huyo anaitwa Issy. Ana miaka themanini na sita, alizaliwa hapa hapa Bertrams wakati mitaa hii ilipojaa Wayahudi waliotoka Lituania. Sasa wamehamia mbali, kaskazini mwa mji, na sinagogi yao imebaki na wazee wachache wanaoipenda kwa ukaidi. Sabato haipaswi kuendesha gari, lakini baadhi yao huja na gari wakaliegesha mtaa wa nyuma, wakamalizia kwa miguu wakijifanya wametembea kutoka nyumbani. Rabi naye hujifanya hajaona. Mzee Issy ndiye aliyenifundisha herufi za Kiebrania, kwa kunipigapiga vidole na rula kama nina miaka sita.

Kwao mtoto hufuata upande wa mama. Kwa hiyo pua ya Babu, hata kama alikuwa Myahudi, hainisaidii kitu. Kama nataka kuwa Myahudi lazima nijifunze, niishi hivyo miaka, kisha nikasimame mbele ya baraza la marabi. Rabi alinifukuza mara tatu, ndivyo desturi yao ilivyo, wanamkatisha tamaa anayekuja. Mara ya nne akaniwekea kiti.

Nikueleze Torati inavyosomwa, maana ndiyo inayonishika. Vile vitabu vitano vya Musa wamevigawa mafungu, na kila Sabato husomwa fungu moja, mpaka mwaka uishe waanze tena. Dunia nzima ni fungu lile lile. Mtu akiwa peke yake kabisa, hilo si dogo. Jumatatu nikiwa napiga pasi nalitafakari la Jumamosi iliyopita, Alhamisi nimeshaanza kulisoma linalokuja. Hivyo wiki yangu ina mtu wa kuongea naye.

Kuna lile la Ibrahimu anapoambiwa atoke. Mzee Issy alinionyesha kwamba anaambiwa atoke kwenye nchi yake, na jamaa zake, na nyumba ya baba yake, kwa mpangilio huo, kuanzia jepesi kwenda zito. Ukitazama njiani ni kinyume, mtu hutoka kwanza nyumbani, ndipo mtaani, ndipo nchini. Lakini moyoni ni vile ilivyoandikwa. Nchi niliitoka kwa basi, siku tatu. Nyumba ya baba sijui kama nimeitoka au ndiyo kwanza naitafuta.

Sitakudanganya kwamba nina furaha, Yaya. Nina upweke ambao sikuujua hata miezi ile ya kwanza nilipolala sakafuni kwa watu. Ndugu wa kanisa la Kikongo la Rosettenville waliponisikia waliniombea wiki nzima, kisha wakaacha kuniita. Arusi zao zote ni Jumamosi, na mimi Jumamosi siendi. Ijumaa jioni natandika meza, naweka mikate miwili chini ya kitambaa, naimba wimbo wa kukaribisha malaika, na kiti ni kimoja. Siku za mechi mashabiki wanapita kuelekea uwanja wa Ellis Park wakiimba na kupuliza vuvuzela, sauti zao zinajaa chumbani, kisha wote wameingia uwanjani na mtaa unabaki kimya. Saa hizo ndizo mbaya zaidi. Mwadini siku moja alinichungulia dirishani akasema: “Wewe Mkongo, sisi Ijumaa yetu tunajaa mpaka tunaswali barabarani. Dini gani hii unasherehekea na kiti?” Nilicheka. Kisha alipoondoka sikucheka.

Sasa nije kwenye Jumamosi ile ya tarehe kumi na nane mwezi wa pili, ambayo mimi na wewe hatujaizungumza.

Asubuhi ile nilikwenda sinagogi. Simu niliiacha imezimwa kwenye droo ya cherehani tangu Ijumaa. Fungu la siku lilikuwa la Yethro, mkwe wa Musa, mgeni, kuhani wa watu wengine, ambaye hata hivyo fungu lenye amri kumi limepewa jina lake. Nililipenda kwa sababu hiyo. Watu walisimama wima kuzisikiliza zile amri, na mimi nikasimama. Ilisomwa ile ya kumheshimu baba na mama. Nakumbuka nilimfikiria Mama nikajiambia nimpigie jua likizama, nimuulize kama shuka nilizotuma zimefika.

Jua lilipozama nikafungua simu. Ulikuwa umepiga mara kumi na saba. Ya kwanza saa mbili asubuhi, ya mwisho saa nane na nusu mchana. Na ujumbe wako mmoja tu: Mama anakuita, shika simu. Ninyi mlidhani ni malaria ya kawaida, ndiyo maana hamkuniambia tangu Alhamisi, na silaumu. Saa tisa alikuwa ameondoka. Mama alimwomba Mungu miaka minane ampatie kitinda mimba, akaniita Exaucé kwa kuwa alisikilizwa, na siku aliyoniita yeye mimi sikumsikia.

Hayo unayajua. Hujui moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nitakuambia, lakini kwanza nipitie Jumamosi mbili zilizopita, maana bila hizo nisingepata nguvu ya kulisema.

Ili gombo la Torati litolewe kwenye kabati lake na kusomwa mbele ya watu, lazima wapatikane wanaume kumi wa Kiyahudi. Tisa hawatoshi, hata wakiwa watakatifu tisa. Na hiyo sala ya wafiwa iitwayo Kadishi nayo haisemwi bila kumi. Mimi nikiwapo sihesabiwi bado. Nakaa benchi la mwisho karibu na hita, nafuata kwenye kitabu, na wao wakisema wako tisa, wananipita kwa macho kwenda mlangoni kuangalia kama kuna anayekuja. Hawafanyi kwa ubaya. Nimezoea, au nilidhani nimezoea.

Jumamosi ya tarehe ishirini na saba mwezi uliopita Rabi alikuwa ameitwa kwenye sherehe sinagogi nyingine, na mzee anayepanga shughuli alikuwa anaumwa. Alikuwapo mgeni mmoja kutoka Cape Town, mtu mnene mchangamfu, akajitolea kuhesabu. Wayahudi hawahesabu watu kwa namba, wanaona si vizuri. Wanatumia aya moja ya Zaburi yenye maneno kumi, kila mtu anapewa neno lake. Yule mgeni akaanza kuzunguka na kitabu mkononi, neno, neno, neno. Neno la kumi likaniangukia mimi. Aliona kofia yangu na kitabu changu, hakuwa na sababu ya kuuliza. Akapiga mapaja yake kwa furaha na kusema tuko kamili.

Nilitazama upande wa Mzee Issy. Siku ile ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mkewe, Freda, na alikuwa amekuja kumsemea Kadishi. Amevaa tai niliyomshonea. Anajua kabisa kwamba mimi bado, yeye ndiye mwalimu wangu. Wengine kama hawaoni vizuri au walisahau sijui, lakini yeye alijua. Alinitazama, kisha akatazama viatu vyake.

Walikuwa wameshaanza kusogea kwenda kufungua kabati. Na mimi, Yaya, nilitaka kunyamaza. Kwa mara ya kwanza nilikuwa neno la kumi. Ilikuwa tamu, nakwambia ukweli, ilikuwa tamu mno. Lakini mawazo yakaenda kwenye karatasi yako ya Kamalondo. Siku zote ninazolia kwamba nimetolewa kwenye hesabu iliyo yangu, nitaingiaje kwa kunyamaza kwenye hesabu ambayo bado si yangu? Nikasimama. Nilisema samahani, mimi bado sijamaliza, msinihesabu.

Walikuwa kumi, nikawafanya tisa. Yule mgeni uso ulimbadilika rangi akaniomba radhi, nami nikamwomba radhi, tukabaki tunaombana radhi. Kisha akatoka kutafuta Myahudi barabarani. Nilimwona kupitia dirishani amesimama kati ya kiduka cha spaza na kinyozi wa Msumbiji, na shali yake ya sala mabegani, anawatazama wapita njia wa Bertrams mmoja mmoja. Dakika arobaini. Akarudi peke yake.

Basi gombo halikutolewa. Tulisoma fungu kwenye vitabu tukiwa tumekaa, kimya kimya, kila mtu lake. Na fungu lenyewe la siku ile ni lile la mwanzo wa kitabu cha Hesabu, Musa anapoambiwa awahesabu watu jangwani, kila mmoja kwa jina lake. Nililisoma macho yamejaa maji sioni mistari. Mzee Issy hakusema Kadishi yake. Watu walipokwenda kwenye meza ya samaki na wiski yeye alichukua koti lake akatoka, na hakunitazama.

Wiki ile sikula vizuri. Nilijiona nimemfanyia mzee wa watu kama nilivyomfanyia Mama, alinihitaji mara moja na sikuwapo.

Jana walifika kumi na mmoja bila mimi. Rabi alikuwapo. Gombo likatolewa, limevaa lile vazi langu la mahameli. Fungu la jana ni refu kuliko yote, na sehemu yake kubwa ni wakuu kumi na wawili wa makabila wanaoleta sadaka. Kila mmoja analeta vitu vile vile, sahani ile ile, bakuli lile lile, kijiko kile kile, wanyama wale wale, na Torati inavitaja upya vyote kwa kila mtu, mara kumi na mbili. Watu husinzia hapo. Mwandishi mwenye haraka angesema tu kwamba na wengine walileta hivyo hivyo. Mimi sikusinzia. Nikishona sare arobaini za kipimo kimoja bado naandika jina la kila mtoto kwenye kola, kwa sababu kila mtoto anaifungua yake. Nadhani ndilo somo lenyewe, kwamba kufanana na wenzako si sababu ya kurukwa. Nilikufikiria wewe muda wote ule, nikahesabu wakuu kwa vidole, na kila nilipofika wa sita nilisita.

Mzee Issy alisema Kadishi ya Freda, imechelewa wiki moja. Baadaye mezani akaja na sahani mbili za samaki wa heringi, akaweka moja mbele yangu, akavuta kiti. Muda mrefu alikula tu. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake cha Joburg, na mimi nakigeuza: “Wiki iliyopita nilitaka unyamaze. Eish, nilitaka sana. Nashukuru hukunisikiliza.” Akafuta midomo. “Mama yako alikuwa anaitwa nani?”

Nikamwambia Marcelline. Alilijaribu jina mara mbili mpaka likakaa vizuri mdomoni. Akaniambia kuanzia sasa, kila atakapomsemea Freda, atamchukua na Marcelline, mpaka siku nitakapoweza kumchukua mwenyewe. Nililia, Yaya, mdomo umejaa samaki. Miezi mitatu na nusu hakuna mtu katika mji huu wote aliyeniuliza jina la Mama.

Sasa lile ambalo hujui. Mtu ambaye hajamaliza kuwa Myahudi haruhusiwi kuishika Sabato nzima nzima, kwa sababu bado si yake. Rabi aliniambia tangu mwanzo: kila Jumamosi fanya tendo moja dogo lililokatazwa, chagua lolote, ukishalifanya inatosha. Ndiyo desturi kwa watu kama mimi. Nikachagua taa. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nawasha taa ya chumba na kuizima, mara moja, haraka, kwa aibu, kisha naendelea kujiona mtakatifu.

Ningeweza kuchagua simu. Unaelewa? Tendo moja lilikuwa lazima nilifanye, niliambiwa nilifanye, na Jumamosi ile saa mbili na robo asubuhi nilisimama chumbani nikabonyeza taa, na simu iko kwenye droo umbali wa mkono, na wewe uko unapiga. Torati haikunizuia kumsikia Mama. Rabi hakunizuia. Nilipomweleza aliniambia hata Myahudi kamili hufungua simu penye hatari ya mtu kufa. Aliyezuia ni mimi, kwa kutaka kuonekana nimefika kabla sijafika. Nilikuacha unilaumu kwa ajili ya dini, kwa sababu lawama hiyo ilikuwa nyepesi kuliko ukweli. Nisamehe, Yaya. Kama kuna kosa la kunitoa kwenye karatasi, ni hilo, na sasa unalijua kwa jina lake.

Tangu Jumamosi iliyofuata siwashi taa tena. Tendo langu moja ni simu. Saa mbili asubuhi naifungua, naishika mkononi robo saa, kisha naizima. Nimefanya hivyo mara kumi na tano. Jana pia. Hakuna aliyepiga, na nilijua hakuna atakayepiga, lakini nilikaa pale.

Baraza la marabi limenipa tarehe, kumi na mbili Septemba. Mungu akipenda nitahesabiwa, na baada ya hapo simu yangu italala Jumamosi kama za wengine. Kwa jambo la hatari nimeiandika namba ya Mwadini nyuma ya bahasha. Ameapa kwamba atavunja mlango wangu ikibidi, na nadhani anangojea nafasi.

Arlène ameniambia siku ya kuondoa matanga ya Mama mmeiweka mwezi wa nane, na kwamba wewe ndiye utakayesoma tena. Karatasi yangu ya ukimbizi hainiruhusu kuvuka mpaka, kwa hiyo sitakuwapo, na jina langu likisomwa hakuna atakayesimama. Ndiyo ombi langu la pili. Lisome hivyo hivyo. Huna haja ya kunisifu wala kueleza niko wapi na nimevaa nini kichwani. Soma jina tu, mahali pake pa mwisho, baada ya Arlène. Mama alituzaa sita, na yule mzee wa watu aliyemchukua Mama kwenye sala yake amemchukua kama mama wa watoto sita.

Msalimie Jacques na mkewe, mwambie suruali ya kijivu nimeipanua kiuno bila kumuuliza. Msalimie Angélique na watoto wote, na Arlène, na Pacifique mdomo wazi, mwambie safari hii namshukuru kwa mdomo wake. Gaëlle mbusu shavuni, mwambie sindano bado zinapotea hata huku ambako hayupo. Ukipita kaburini, mwondolee Mama majani yale marefu ya upande wa kichwani, Pacifique alinitumia picha, hayapendezi.

Jana kwenye fungu lenyewe yalisomwa maneno ambayo makuhani huwabariki nayo watu, na mimi nikiwa benchi la mwisho nilikupelekea wewe. Mungu akubariki na kukulinda, Yaya, akuangazie uso wake, akupe amani, wewe na mguu wako na nyumba yako yote.

Ukikosa la kuandika, usiandike. Jumamosi, saa mbili asubuhi, simu itakuwa mkononi.

Wako akupendaye, hata usiposhika,
Exaucé,
wa sita.